Siku Thelathini za Majaribio

Jumatatu, 6 Oktoba

Siku kubwa! Mkuu wa mafundi anastaafu mwisho wa mwezi na kiti chake kinabaki wazi. Nasema kiti chenyewe, kile cha ngozi kinachozunguka, chenye pa kuegemeza mikono. Nimekikalia mara mbili alipokwenda msalani. Kinanienea.

Asubuhi Meneja ametuita ofisini wawili tu, mimi na Daftari. Daftari ni fundi mwenzangu. Jina hilo tulimpa sisi wa karakana kwa sababu kila kitu anakiandika, hata saa na dakika aliyokaza skrubu. Meneja akasema hataki hadithi. Mashine Namba Mbili, ile mpya inayojaza maziwa kwenye pakiti, inasimama kila baada ya dakika kumi na kudai haioni pakiti, na pakiti iko mbele ya pua yake. Atakayeifanya ifanye kazi zamu nzima ya Jumamosi bila kusimama, kiti ni chake.

Daftari akauliza kama maneno hayo yatatolewa kwa maandishi. Mimi nikasema ndiyo bosi. Mara tatu. Kiongozi haulizi maswali.

Nikakimbilia laptopu kabla yake. Karakana nzima tuna laptopu moja, na tunaiita Mgonjwa. Betri ilikufa zamani, kwa hiyo ukichomoa waya nayo inazima. Kifuniko kinashikiliwa na mkanda mweusi wa umeme. Herufi H iling'oka. Ukiitaka, unachokonoa shimo lake kwa ncha ya kalamu. Lakini ndani ya Mgonjwa ndimo ilimo programu ya kuipa mashine amri zake: lini ijaze, lini ifunge, lini ikate. Anayeshika laptopu ameshika mashine.

Programu ilichukua dakika kumi na nane kufunguka. Nilihesabu. Kisha ikaniambia siku zangu thelathini za majaribio zimekwisha, tafadhali niingize leseni.

Leseni! Nikaenda stoo. Stoo wakasema barua ya kuomba leseni Daftari aliiandika tangu Julai na inasubiri saini ya Meneja. Tukiwa tunasubiri ndipo tukawekewa hii ya majaribio, tarehe 29 Agosti. Meneja amesema atasaini wiki ijayo. Hilo amelisema kila wiki.

Nyumbani, jambo dogo. Mama mkwe yuko kwetu. Alikuja kutibiwa macho na amepewa miwani mipya. Tangu hapo anasoma kila kilichoandikwa: kiberiti, sabuni, karatasi ya dawa pande zote mbili. Akaniuliza kwa upole, mkwe wangu, kazini vipi. Ulimi ukateleza. Nikasema nimefanywa mkuu wa mafundi. Akapiga kigelegele mpaka jirani akachungulia, kisha akawapigia simu ndugu kuwapa habari. Mke wangu akaniangalia kwa jicho lile.

Sasa kiti hicho sina budi kukipata.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimepata ufumbuzi nikipiga mswaki. Povu likanitoka kwa furaha.

Programu inajuaje kwamba siku thelathini zimekwisha? Inaangalia tarehe ya laptopu. Na tarehe ya laptopu nani anaiweka? Mimi! Nikairudisha hadi tarehe 2 Septemba. Nilichagua kwa makini. Tarehe 2 Septemba nayo ilikuwa Jumanne, kwa hiyo hata siku za wiki zinalingana na hakuna atakayegundua. Nikafungua programu. Dakika kumi na nane. Kisha: zimebaki siku ishirini na sita. Nilitamani kumkumbatia mtu lakini aliyekuwa karibu ni mtunza stoo tu, na hatuelewani.

Programu hii ina tabia ya kuleta visanduku vya maswali. Je, unataka kuendelea? Je, una uhakika? Je, ungependa kuhifadhi? Mimi nina kanuni moja: Ndiyo. Nabonyeza Ndiyo kabla kisanduku hakijamaliza kufunguka. Daftari yeye husoma kila kisanduku tangu mwanzo hadi mwisho, midomo ikimchezacheza, halafu anakinakili. Ndiyo maana hasongi mbele.

Akaniuliza leseni imepatikana lini. Nikamwambia kuna njia. Akauliza njia gani. Nikamwambia njia ya kitaalamu. Akaandika "njia ya kitaalamu" kwenye daftari lake, na akaweka alama za kunukuu. Niliziona.

Mchana kutwa laptopu haikuiona mashine. Nilichomeka waya. Haikuiona. Nikazima, nikawasha, dakika kumi na nane. Haikuiona. Nikapuliza tundu la waya. Nikabadilisha waya. Nikaunong'oneza. Programu ikasema kuna kosa namba 7731. Nikatafuta maana ya 7731 kwenye msaada wa programu yenyewe. Msaada ukasema 7731 ni kosa lisilojulikana. Basi kwa nini mmelipa namba?

Jumatano, 8 Oktoba

Nimewapigia simu wenye programu. Sauti ya mashine ikaniomba niingize namba ya leseni. Nikakata, nikajifanya nilikuwa naangalia saa.

Nikaingia mtandaoni kutafuta msaada. Kila ukurasa ukanikataa, ukidai saa yangu ina hitilafu. Dunia nzima inajitia kujua saa yangu.

Kisha, saa nne na robo, laptopu ikaiona mashine! Kikatokea kisanduku: je, nisimamishe kifaa? Ndiyo! Kifaa kikasimama. Ila nilisikia kimya kikitoka upande mwingine. Kabati za mashine zote mbili zimefanana, rangi moja, mlango mmoja, na waya wangu ulikuwa umechomekwa kwenye Namba Moja. Namba Moja ndiyo iliyokuwa kazini, inajaza maziwa ya shule. Mama anayeiendesha, mwenye mabuti meupe, alitoka pale maziwa yakimfika vifundoni na kuuliza nani mwenye wazimu leo.

Nikageuka na kuuliza kwa sauti kubwa kuliko yake: nani kafanya hivi?

Daftari akaiwasha tena Namba Moja ndani ya dakika nne. Aliandika tu. Yule mama mwenye mabuti ananiangalia kila nikipita.

Jioni nikaondoka na Mgonjwa ndani ya mfuko wa viazi, ili Daftari asiiguse kesho asubuhi. Si wizi, ni ulinzi. Nyumbani mama mkwe akaigeuza juu chini, akavaa miwani na kusoma kibandiko mbele ya mke wangu, pole pole, kama anayesoma barua ya mahakama: mali ya karakana, isitolewe nje ya kiwanda. Nikamweleza kwamba mkuu wa mafundi haruhusiwi kuiacha peke yake. Akasema kumbe cheo kina mizigo. Akaniongezea mchuzi.

Alhamisi, 9 Oktoba

USHINDI!

Nimeiandikia Namba Mbili mistari arobaini na mmoja ya amri mpya. Kwa ufupi inaiambia mashine: usipoiona pakiti, usipaniki, subiri kidogo, tazama tena. Ni mambo ninayoambiwa nyumbani kila siku. Nilipobonyeza kuituma, kikatokea kisanduku kirefu kuliko vyote. Kilianza na "Saa ya kifaa hailingani na saa ya kompyuta". Sikufika mwisho. Ndiyo.

Ikawaka. Dakika kumi, haikusimama. Ishirini. Saa nzima! Ilikuwa inajaza maji ya majaribio kwenye pakiti nyeupe zisizochapishwa chochote, lakini ilijaza kwa heshima. Meneja akapita, akasimama, akaitikia kwa kichwa mara moja. Kwa Meneja hiyo ni hotuba.

Kwa ukweli wa historia naandika pia kwamba Daftari alikuwa pale dakika chache kabla, na kitambaa na kioo kidogo cha mkononi, anafuta jicho la mashine. Jicho ni kile kioo kinachoziona pakiti zikipita. Alisema lilikuwa na ukungu wa maziwa yaliyoganda. Nikamshukuru. Usafi nao ni muhimu, kila mtu ana nafasi yake.

Nikampigia mke wangu simu kumwambia ampe mama habari njema. Akauliza habari gani, maana mama alishapewa habari njema Jumatatu. Nikasema basi, mwambie ni kweli zaidi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Tatizo. Daftari amesema kesho atakuwepo saa kumi na mbili kamili kuangalia pakiti ya kwanza.

Hii ni desturi yake. Kila zamu inapoanza, anachukua pakiti ya kwanza, anaisoma yote, anaikata, anaikausha na kuibandika kwenye daftari. Ana madaftari tisa, yamevimba kama mikate. Kwa nini? Pakiti zote zimefanana! Nia yake naijua. Anataka asimame pale ushindi wangu unapotokea, ili Meneja akija aone watu wawili.

Nikafikiri. Mwisho kabisa wa kiwanda, nyuma ya matangi, kuna shimo la maji machafu lenye pampu yake. Anayepelekwa huko harudi mapema, na akirudi hakuna anayekaa naye. Nikachapa kikaratasi kwenye laptopu, bila jina: pampu ya maji machafu inapiga kelele isiyo ya kawaida, iangaliwe Jumamosi alfajiri. Nikakitumbukiza kwenye sanduku la hitilafu na kuondoka napiga mluzi.

Saa nane Meneja akamwita Daftari. Kesho ni pampu. Daftari akanionyesha kikaratasi. Akasema aliyekiandika labda alikuwa amechoka, maana hakuna H hata moja. Nikasema watu siku hizi hawajali lugha. Akasema ni kweli.

Jumamosi, 11 Oktoba

Kumi na mbili kamili nilikuwa pale na shati jipya. Nikabonyeza kitufe mwenyewe. Saa nane mchana nikakizima mwenyewe. Katikati ya hapo, haikusimama hata mara moja! Pakiti elfu kumi na moja na mia mbili, zote zimenyooka, zote zimefungwa vizuri, moja kwa moja hadi chumba cha baridi kusubiri lori la Jumatatu. Nilisimama nimekunja mikono, nikiitazama kwa mbali kidogo, kama anavyosimama mkuu. Mama mwenye mabuti akasema leo angalau umeikamata mashine iliyo sahihi. Nimemsamehe.

Meneja akanipa mkono. Akasema tutaongea Jumatatu. Ofisi ya mkuu ilikuwa wazi. Nikakikalia kiti na kukizungusha mara tatu. Kizunguzungu cha haki kabisa.

Nikachukua pakiti moja ya mama mkwe. Nikampa kwa mikono miwili, mbele ya mke wangu na watoto, na kumwambia hii imetoka kwenye mashine yangu leo leo. Akatokwa na machozi kidogo. Akavaa miwani ili aione vizuri.

Akasoma yote. Maziwa halisi ya ng'ombe. Tikisa kabla ya kunywa. Weka mahali pa baridi. Imetengenezwa tarehe 6 Septemba. Tumia kabla ya tarehe 27 Septemba.

Akaisoma tena. Kisha akauliza, kwa upole ule ule, kama wakubwa wa kiwanda ndio wanaopewa yaliyokwisha muda.

Saa ya kifaa hailingani na saa ya kompyuta. Kisanduku kilikuwa kinauliza kama ziwekwe sawa! Niliirudisha laptopu Septemba, nayo ikaivuta mashine nyuma ije kuishi nayo huko. Mashine ndiyo inayopiga chapa ya tarehe. Pakiti elfu kumi na moja za maziwa ya leo, na zote ziliharibika wiki mbili zilizopita.

Nikasema ni toleo maalumu. Mama mkwe akaiweka pakiti mezani, mbali kidogo na watoto.

Jumapili, 12 Oktoba

Mpango: pamba, chupa mbili za spiriti, glavu. Nafuta tarehe zote kabla ya lori la kesho, halafu nazipiga chapa upya kwa mkono. Nani atajua?

Mlinzi nilimwambia nimesahau miwani. Akasema sijawahi kuvaa miwani. Nikamwambia ndiyo maana nimeisahau. Akanifungulia.

Chumba cha baridi ni baridi. Naliandika hili kwa kuwa sikulizingatia katika mpango. Baada ya saa mbili nilikuwa nimefuta pakiti arobaini na tatu, na spiriti ilikuwa imefuta pia kichwa cha ng'ombe aliyechorwa kwenye kila moja. Vidole sikuvisikia. Nikapiga hesabu. Nikikazana ningemaliza mwishoni mwa Novemba.

Nikahamia safu ya pili. Hapo ndipo nikaona karatasi nyekundu. ZUIA. YASITOKE. Tarehe si sahihi. Jumamosi, saa 8:25 mchana. Na saini ninayoijua.

Alipotoka kwenye shimo la pampu, ananuka vile, alipitia huku kwanza. Aliichukua pakiti ya kwanza, kama desturi yake. Akaisoma.

Mlango ukafunguka. Alikuwa yeye, pamoja na akina mama wawili wa upande wa mtindi, wana ndoo na mikasi. Maziwa hayana kosa, akawaeleza, pakiti ndizo zenye kosa, tuyamimine yawe mtindi kabla hayajapotea. Akaniona na pamba yangu. Akawaona ng'ombe wasio na vichwa. Nilingoja aandike. Hakuandika. Akanipa mkasi.

Nilikata pakiti mpaka saa kumi na moja jioni. Hakunisema, wala hao akina mama hakuwaambia lolote. Niliona aibu. Nalisema wazi hapa kwa kuwa hakuna anayeisoma shajara hii. Niliona aibu mpaka masikio yakapata joto humo humo kwenye baridi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Kiti ni cha Daftari.

Nilijaribu kumkumbusha Meneja kwamba sharti lilikuwa mashine isisimame, na haikusimama. Daftari akaomba dakika kumi. Akaifuta mistari yangu arobaini na mmoja, akairudishia mashine amri zake za zamani, jicho likiwa safi. Ikafanya kazi. Kisha akairudisha mistari yangu na kulipaka jicho maziwa kwa kidole. Ikasimama baada ya dakika mbili. Hata kusubiri haikusubiri. Mistari arobaini na mmoja!

Meneja akataka niondoke leo leo. Daftari akasema hapana. Akasema kiwanda kinahitaji taarifa ya maandishi kutoka kwa aliyefanya kosa, ili lisirudiwe, na aliyefukuzwa haandiki taarifa nzuri. Meneja akakubali. Taarifa ichapwe, imfikie Ijumaa kabla ya saa sita mchana, bila kuchelewa hata dakika. Ikifika, nabaki karakana. Isipofika, nahamia shimo la pampu moja kwa moja. Ile pampu, kumbe, kweli ilikuwa na kelele. Daftari aliitengeneza.

Kisha akapiga simu moja. Moja tu! Akamsimamia Meneja akisaini. Leseni inaletwa kesho. Akairekebisha saa ya mashine, na ya laptopu pia, akabandika karatasi juu ya skrini: TAREHE ISIGUSWE. SOMA KABLA YA KUBONYEZA.

Nyumbani nikamwamkia mama mkwe na kumwambia ukweli wote. Ilikuwa ngumu kuliko chumba cha baridi. Akasema alijua tangu Jumatatu ile. Mtu aliyepewa cheo, akasema, hali chakula akiangalia mlango. Nikamuuliza aliowapigia simu atawaambia nini. Akafikiri. Akasema nikihamia kwenye pampu, atawaambia nimepewa kitengo changu mwenyewe. Akasema kinasikika vizuri. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nilitamani kulia.

Nimeapa. Kuanzia leo, nasoma.

Jumatano, 15 Oktoba

Taarifa. Nimeandika: "Mnamo tarehe". Nikaifuta. Neno hilo linanikumbusha mambo.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimesoma kisanduku kimoja chote, tangu mwanzo hadi mwisho. Kilikuwa kinasema kazi imehifadhiwa. Nimechoka.

Taarifa bado. Nimepata kichwa cha habari kizuri lakini kina H nne.

Ijumaa, 17 Oktoba, saa 5:40 asubuhi

Naam, Ijumaa. Saa tano na dakika arobaini. Bado dakika ishirini kabla ya muda wa Meneja.

Huko nje watu wanasema ni Jumatatu tarehe 20. Wana haki yao. Ni kweli kwamba Ijumaa iliyopita nilikuwa na kichwa cha habari tu. Ni kweli pia kwamba Meneja alikuwa safarini tangu Ijumaa asubuhi na anarudi leo mchana, na kitu cha kwanza atakachofanya ni kufungua kompyuta yake aone taarifa yangu ilihifadhiwa lini. Faili halidanganyi, alisema. Anaangalia siku, saa na dakika.

Nimeiandika yote leo asubuhi, kurasa mbili. Ni nzuri. Nimekiri kila kitu. Mwisho nimeweka sehemu yenye mstari chini yake, Funzo Nililopata: kutogusa tarehe ya laptopu kwa sababu yoyote ile, na kusoma kila kisanduku kabla ya kubonyeza. Nilipoisoma mwenyewe niliguswa. Daftari ataibandika kwenye daftari la kumi.

Imebaki kuihifadhi tu. Nimeibandua ile karatasi ya juu ya skrini kwa muda mfupi, kwa kuwa imeziba mahali pa saa. Nimerudisha nyuma siku tatu, si thelathini na tano! Nimekua. Nikishahifadhi naiweka saa kama ilivyokuwa, dakika mbili zimekwisha, kila mtu kafurahi, na mama mkwe hana haja ya kuwapigia watu simu kuhusu kitengo.

Mgonjwa imeunganishwa na Namba Mbili, Daftari aliacha waya pale alipokwenda kunywa chai. Namba Mbili iko kazini, inavuma vizuri. Namsikia mama mwenye mabuti anaimba.

Nimebonyeza Hifadhi. Kimetokea kisanduku. Kirefu. Kinaanza na saa ya kifaa, sijui imekuwaje na saa ya kompyuta. Nitakisoma baadaye, sasa hivi nina haraka, gari la Meneja linaingia getini.

Ndiyo.